Kukatwa vinyama vya utumbo ukiwa unatumia dawa za kuyayusha damu: maswali tunayoulizwa kila mara

Maswali haya yameulizwa kwenye benchi la kusubiria, kwa simu kutoka Pemba, na mara nyingine mlangoni kabisa, mgonjwa ameshavaa gauni la hospitali. Mimi ni muuguzi. Nimeyaandika kwa wanaotumia wafarini, rivaroksabani, apiksabani, klopidogreli au aspirini ya moyo, nao wameambiwa wakapimwe utumbo mpana kwa kamera. Tarehe na dozi zako atakupangia daktari wako. Hapa utapata sababu zake, ili ukikaa mbele yake ujue la kuuliza.

## Mambo ya mwanzo

1. Hivyo vinyama ni nini, na kwa nini vitolewe kama haviumi?

Ni viuvimbe vinavyoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo mpana. Madaktari huviita polipu. Vingi havifiki sentimita 1 na mwenye navyo hana habari navyo. Baadhi yake vikiachwa hugeuka saratani, pole pole, kwa kawaida katika muda wa kama miaka 10. Kikitolewa mapema, njia hiyo imefungwa.

2. Dawa hizi zinaiyayusha damu kweli?

Haziiyayushi. Jina limeshazoeleka na hakuna ubaya kulitumia, lakini damu yako haiwi maji. Inachelewa kuganda tu. Ziko za namna mbili: wafarini, rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani huzuia utando wa mgando usifanyike, aspirini na klopidogreli huzuia zile chembe sahani za damu zisishikamane. Tofauti hii ina maana, kwa sababu kila namna ina kanuni zake za kuacha na kurudia (swali la 6, la 8 na la 15).

3. Ati wafarini ni sumu ya panya?

Huulizwa sana, tena kwa sauti ya chini, kwa hiyo nijibu wazi. Ndiyo, ilitumika kuulia panya. Asili yake ni ng'ombe wa Kanada na Marekani ya kaskazini waliokuwa wakitoka damu hadi kufa katika miaka ya 1920 baada ya kula majani makavu yaliyooza. Wataalamu wa Wisconsin wakaitafuta kemikali iliyomo, na kutokana nayo ikatengenezwa wafarini. Mwaka 1954 iliruhusiwa kutibu watu. Panya hupewa bila kipimo. Wewe unapewa kwa miligramu na damu yako inapimwa INR, yaani kipimo cha kuonesha damu inachelewa kuganda kiasi gani. Usiiache kwa sababu ya jina lake.

4. Kinyama kikikatwa, damu hutoka kiasi gani?

Ukubwa wa kinyama na namna kilivyokatwa ndivyo vinavyoamua zaidi. Kidogo kikikatwa kwa kitanzi kisicho na umeme hutoa matone pale pale, daktari anayatazama yakikauka. Utafiti wa Taiwan uliochapishwa 2023, wenye watu 4,270 waliokatwa vinyama vya chini ya sentimita 1, ulikuta damu ya baadaye kwa asilimia 0.4 ya waliokatwa bila umeme na asilimia 1.5 ya waliokatwa kwa umeme. Kinyama kikifika sentimita 2 na kuendelea, hatari hupanda mara kadhaa. Na ukiwa kwenye dawa za kuyayusha damu hupanda tena juu ya hapo.

Neno la kushika ni "baadaye". Damu ya mezani haitutii hofu sana, vifaa viko mkononi. Inayotushughulisha ni ile inayokuja ukiwa nyumbani, kuanzia siku ya kwanza hadi kama ya 14.

5. Basi kwa nini nisiache dawa mwezi mzima, niende nikiwa salama?

Kwa sababu dawa hiyo hukuandikiwa bure. Uliandikiwa ili damu isigande ndani ya moyo au mguuni, kisha kipande kikapanda ubongoni au mapafuni. Damu ya utumboni huonekana, na mara nyingi husimama yenyewe. Isiposimama, kamera hurudishwa ikazuiwa, na damu iliyopotea huongezwa. Donge likishaziba mshipa wa ubongo, saa chache zinatosha kumwacha mtu upande mmoja umelala maisha yake yote. Hatari hizi mbili hazilingani, na watu wengi wanaogopa ile ndogo.

Nilimpokea mzee mmoja aliyeacha wafarini wiki tatu kabla, kwa ushauri wa jirani mwenye nia njema. Alifika siku yake ya kipimo mdomo umepinda na mkono wa kulia hauinuki. Kipimo hakikufanyika. Wafarini ukiiacha siku 5 tu nguvu yake karibu yote imeshatoka mwilini; zile siku 16 zilizobaki hazikumwongezea usalama hata chembe. Ndiyo maana kila mahali katika ukurasa huu nitarudia: usiache, usipunguze, usirudie dawa mpaka uwe na tarehe uliyopewa na anayekutibu.

## Kabla ya siku

6. Naacha lini?

Kipimo kikiwa cha kutazama tu au kuchukua kipande kidogo cha nyama, wafarini kwa kawaida haiachwi. INR hupimwa kuhakikisha haijapita kiwango chako. Rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani huachwa dozi ya asubuhi hiyo tu.

Kinyama kikitarajiwa kukatwa, wafarini huachwa siku 5 na INR hupimwa tena kabla ya kuanza, itakiwayo iwe chini ya 1.5. Kipimo kikiwa Alhamisi, unameza mara ya mwisho Ijumaa jioni ya wiki iliyopita. Jumamosi hadi Jumatano humezi. Dawa mpya hutoka mwilini haraka zaidi: dozi ya mwisho huwa kama siku 3 kabla, yaani kwa Alhamisi hiyo hiyo, Jumatatu. Figo zikiwa dhaifu dawa hizo zinachelewa kutoka, na kwa dabigatrani huenda ukaambiwa siku 5. Kwa hiyo ukiwa na sukari au presha ya muda mrefu, uliza kama figo zako zimepimwa karibuni.

7. Daktari amesema "usinywe kuanzia usiku wa Jumamosi". Ni usiku upi?

Swali zuri kuliko yote, na ni wachache wanaolifikiria. Kwetu jua likitua siku imegeuka: usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi ikiisha, ndio tunaosoma Yasini. Daktari aliyezoea kuhesabu kuanzia saa sita ya usiku, akisema "usiku wa Jumamosi" anakusudia Jumamosi yenyewe baada ya isha. Hapo unakosekana usiku mmoja mzima, na watu hukosea kweli kweli.

Omba akuandikie tarehe, na ya mwisho ya kumeza aiandike peke yake: "Kidonge cha mwisho: Ijumaa tarehe kadha, baada ya magharibi." Kikaratasi hicho kibandike kwenye boksi la dawa. Kama dawa humpa mwanao au mkeo, basi kikaratasi kiwe kwake.

8. Aspirini na klopidogreli nazo niziache?

Aspirini ya moyo, ile ya miligramu 75, kwa kawaida haiachwi hata kinyama kikikatwa. Wengi huiacha kwa kujiamulia, na hilo ndilo kosa tunalokutana nalo zaidi.

Klopidogreli huachwa siku 7 kabla kwa vinyama vikubwa, na aspirini ikaendelea. Kwa vidogo mambo yanaanza kubadilika: utafiti wa Hong Kong wa 2019 uliwagawa watumiaji wake makundi mawili, wa kuendelea na wa kuacha, na damu ya baadaye ikawa asilimia 3.8 kwa walioendelea na 3.6 kwa walioacha. Tofauti hiyo ni kama hakuna. Ukiwa na stenti, kile kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo, usiguse chochote kabla ya kusoma swali la 18.

9. Jirani yangu alichomwa sindano za tumboni alipoacha wafarini. Mbona mimi sijapewa?

Ni sindano za heparini, za kuziba lile pengo la siku 5. Zamani zilitolewa kwa wengi. Mwaka 2015 ukachapishwa utafiti wa watu 1,884 wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio: waliopewa sindano na wasiopewa walipata madonge sawasawa, 0.3 kwa 0.4 katika kila mia, lakini kutoka damu nyingi kulikuwa asilimia 3.2 kwa wenye sindano dhidi ya 1.3. Sindano ziliwaongezea kutoka damu bila faida. Leo huwekewa wachache, kama wenye vali ya chuma (swali la 17) au walioganda damu mguuni au mapafuni ndani ya miezi 3 iliyopita. Ukiwa mmoja wao na hukuambiwa lolote, uliza.

10. Nile nini, nisile nini?

Siku 3 za mwisho acha vyenye mbegu na nyuzi: mapera, nyanya na mbegu zake, maharagwe, majani, na huu mkate wetu wa ufuta. Mbegu za ufuta huganda kwenye ukuta wa utumbo na kuziba kamera, nami nimeona kipimo kikiahirishwa kwa ajili yake. Wali mweupe, samaki, mayai na mkate mweupe vinafaa. Siku ya mwisho ni vya maji vinavyopitisha mwanga tu: maji, chai ya rangi, supu iliyochujwa, madafu. Sharubati nyekundu hapana, hufanana na damu kwenye kioo.

Vidonge vya kuongeza damu, vya madini ya chuma, huachwa wiki moja kabla kwa sababu huacha weusi utumboni.

Mchicha, kisamvu na matembele vina vitamini K, ambayo huipunguza nguvu wafarini. Havijaharamishwa. Siku nyingine endelea kuvila kama kawaida yako, usiongeze wala usikate ghafla. Ukivikata siku hizi 3 INR inaweza kusogea, ndiyo sababu moja inayofanya ipimwe tena asubuhi ya kipimo.

11. Natumia habbasoda na thomu kila asubuhi. Nimwambie daktari?

Mwambie, wala usione haya. Tangawizi kwenye chai na karafuu kwenye pilau si kitu. Lakini kikombe kizima cha thomu na tangawizi kila alfajiri, vidonge vya habbasoda, au mafuta ya karafuu ya kunywa ni dawa kamili, na baadhi huzipunguzia nguvu zile chembe sahani. Pumzisha kwa wiki moja kabla. Kuumikwa chuku pia kusubiri, kabla na baada.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, iko duka la dawa. Daiklofenaki na ibuprofeni kwa maumivu ya goti, ukichanganya na wafarini, hutosha kumtoa mtu damu tumboni bila ya kukatwa chochote. Metronidazoli, septrini na flukonazoli hupandisha INR kwa kasi. Kwa maumivu tumia parasetamoli, na kila unapouziwa dawa sema kwanza, "Natumia wafarini."

12. Ramadhani imekaribia. Nifanye ndani ya mwezi?

Maji ya kusafishia tumbo ni lita kadhaa, kwa hiyo siku ile funga haiwezekani. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa inajulikana. Mengine muulize sheikh wako. Kipimo cha kawaida kinaweza kusubiri baada ya Idi. Kama unatoka damu, unapungua mwili au damu yako imeshuka, usisubiri.

## Siku yenyewe

13. Daktari anaizuiaje damu?

Anaanza kwa kuchagua namna ya kukata. Vidogo hukatwa kwa kitanzi cha waya bila umeme. Umeme hufunga mshipa pale pale, lakini unaunguza hadi chini, na baada ya siku chache kigaga kinapobanduka mshipa hufunguka. Utafiti wa Japani wa 2019 ulionesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: waliokatwa bila umeme huku wakiendelea na dawa zao walipata damu nyingi kwa asilimia 4.7, na walioachishwa dawa, wakawekewa heparini na kukatwa kwa umeme, asilimia 12.0. Muulize daktari wako kama vinyama vyako ni vya kukatwa hivyo.

Vikubwa huinuliwa kwanza kwa sindano ya maji chini yake, hukatwa, na kidonda hubanwa kwa klipu ndogo za chuma. Kwa vinyama vya sentimita 2 na zaidi, utafiti wa 2019 ulikuta damu ya baadaye asilimia 3.5 kwa waliobanwa na 7.1 kwa wasiobanwa. Klipu huanguka zenyewe na kutoka na choo. Ukitakiwa picha ya MRI katika wiki zinazofuata, sema kuwa unazo.

14. Nimeamka, naambiwa kimeonekana kikubwa lakini kimeachwa. Wamenifanyia uzembe?

Hapana, wamekuhurumia. Ikiwa hukuacha dawa kwa sababu kipimo kilikuwa cha kutazama tu, kukata kinyama kikubwa siku ile kungekuwa kubahatisha. Utapangiwa siku nyingine. Wiki chache hazibadilishi kitu kwa ugonjwa unaokwenda kwa miaka (swali la 1).

## Baada ya kipimo

15. Narudia dawa lini?

Wafarini kwa kawaida jioni ile ile, dozi yako ya siku zote. Watu hushangaa, lakini inachukua kama siku 5 mpaka ikolee, kidonda kikiwa kimeshaanza kupona. Usizidishe kufidia ulizokosa. INR ipimwe baada ya wiki. Rivaroksabani na wenzake hukolea ndani ya saa chache, kwa hiyo husubiri siku 2 hadi 3. Klopidogreli ni siku 1 au 2.

Usitoke hospitali bila tarehe ya kurudia. Kuacha kwa wakati watu wanakumbuka. Kurudia ndiko wanakosahau, na kiharusi hakijali kuwa ulisahau.

16. Damu gani ni ya kawaida, na ipi ya kukimbilia hospitali?

Michirizi au kijiko kimoja cha damu choo cha kwanza au cha pili, usihofu. Rudi hospitali bila kuchelewa ukitoka mabonge, au ukienda chooni mara kwa mara na kila mara ni damu, au choo kikawa cheusi kama lami, au ukaona kizunguzungu, jasho baridi na moyo kukimbia. Maumivu makali ya tumbo yenye homa ni jambo jingine, utumbo unaweza kuwa umetoboka. Nayo ni ya kukimbizwa.

"Nilidhani ni bawasiri" nimelisikia mara nyingi sana. Ndani ya wiki 2 baada ya kukatwa kinyama, hakuna bawasiri. Ni kidonda mpaka daktari aseme vingine.

17. Nina vali ya moyo ya chuma. Ni kweli siwezi kubadilishiwa dawa nyepesi zaidi?

Ni kweli. Kwa vali ya chuma ni wafarini peke yake. Utafiti uliojaribu dabigatrani kwa watu hawa ulisimamishwa mapema kwa sababu walipata madonge na kutoka damu zaidi. Hata asiye na vali ya chuma, ikiwa vali yake imebana kwa baridi yabisi ya utotoni na mapigo yake hayana mpangilio, utafiti wa 2022 ulionesha wafarini inamlinda kuliko rivaroksabani. Ugonjwa huo kwetu bado upo, kwa hiyo nalisema kwa mkazo: asikubadilishie mtu dawa kwa ajili ya kipimo cha siku moja.

Anayekufuatilia moyo, iwe Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam, aongee na wa kamera kabla ya tarehe kupangwa. Kwako sindano za swali la 9 zinaweza kuwa lazima, na vitamini K ya kuirudishia damu uwezo wa kuganda hutolewa kwa uangalifu mkubwa.

18. Nimewekewa stenti mwaka huu.

Kinyama kisubiri. Stenti ya dawa, katika miezi 6 hadi 12 ya mwanzo, ikikosa klopidogreli inaweza kuziba, na huo ni mshituko wa moyo. Kama ni lazima, waamue madaktari wawili pamoja.

19. Naweza kupanda boti kurudi Pemba siku ya pili? Na kazi?

Vilikuwa vidogo na huna dalili: panda. Kilikuwa kikubwa, na dawa umeanza tena: kaa kwa jamaa karibu na hospitali siku chache zaidi, hasa zile ambazo dawa inakolea. Baharini hakuna wa kukuongezea damu. Kwa wavuvi, usiende dago kwa wiki 2. Wachumaji wa karafuu, msipande mikarafuu wala kubeba magunia kwa muda huo. Na ukiwa kwenye dawa hizi, kuanguka kutoka juu ya mkarafuu ni hatari wakati wowote. Siku ile ya kipimo usiendeshe Vespa wala gari, dawa ya usingizi bado imo. Njoo na mtu.

20. Niko Micheweni, ni saa nane ya usiku, siku ya 6 baada ya kukatwa, damu imeanza na boti hakuna mpaka asubuhi.

Usisubiri boti. Nenda hospitali iliyo karibu, Micheweni penyewe au Wete. Ikibidi watakusogeza Chake Chake au Abdulla Mzee, Mkoani. Kazi ya kwanza si kamera, ni mshipa wa maji, kupima wingi wa damu, kupima INR na kuandaa damu ya kuongezwa, na hayo hayangoji kuvuka bahari.

Lala chali njiani, miguu juu kidogo. Usile. Dozi inayofuata usimeze mpaka uonwe, lakini pia usiitupe dawa. Chukua boksi la dawa, kadi ya INR na karatasi ya kipimo. Mlangoni sema matatu: nimekatwa kinyama tarehe fulani, natumia dawa fulani, nimemeza mara ya mwisho saa fulani. Na mmoja wa nyumbani aamshe ndugu wawili watatu wenye afya waje nyuma yako, huenda wakatakiwa kutoa damu kabla ya alfajiri.